Kupata nafuu si kupona

Kila msimu wa mvua, anayepita mpaka wa Mugina na Manyovu alfajiri hakosi kumwona mtu wa namna hii. Amejifunga kitenge au amevaa sweta nzito wakati wenzake wanatokwa jasho. Midomo imekauka, macho yamelegea, na kichwani au kwenye baiskeli ana mzigo uleule aliokuwa akiubeba wiki iliyopita. Ukimuuliza hali, atakujibu: "Nilikuwa na malaria, lakini sasa sijambo, nimemeza dawa." Ukimuuliza alianza kumeza lini, atakwambia juzi.

Jambo hili limekuwa la kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayelishangaa. Tumezoea kumsifu mtu wa aina hiyo kuwa ni mchapakazi. Anayebaki nyumbani wiki nzima baada ya homa tunamtazama kwa jicho la pembeni, tukinong'ona kwamba anadeka au ni mvivu. Katika ukurasa huu napenda kusema wazi kwamba tumekosea. Usingizi na pumziko baada ya ugonjwa ni sehemu ya matibabu, na anayeikata sehemu hiyo amekata dozi.

Nasema hivi si kwa sababu nimesoma tu. Nilizaliwa Katumba, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, nikasoma huko kwa Kiswahili, na mwaka 2009 nikarejea Burundi na wazazi wangu. Mwaka uliofuata nilikuwa nimepata darasa la kufundisha, vyeti vyangu vya Tanzania bado vikisubiri kulinganishwa na vya hapa. Wanaojua maisha ya aliyerejea wanajua hofu niliyokuwa nayo. Ukikosa kazini siku mbili, unadhani nafasi yako imeshapewa mwingine. Ukiacha shamba mwezi mmoja, unadhani jirani ataanza kusema kwamba hukulihitaji.

Basi malaria ikanipata. Nikapewa dawa mseto ya siku 3. Siku ya pili homa ikashuka, na siku ya tatu nikawa mbele ya ubao. Mchana nilikwenda kulima sehemu ya shamba tuliyogawiwa na baba mdogo. Usiku nilikesha na taa ya chemli nikijifunza Kifaransa, maana bila Kifaransa sikuwa mwalimu kamili. Siku ya tisa nilianguka darasani huku watoto wakisoma kwa sauti.

Kwenye kituo cha afya walinipima wakaniambia vijidudu vya malaria vimekwisha, ila damu ilikuwa imeshuka vibaya, na mwili ulikuwa umechoka kupita kiasi. Nikalazwa, kisha nikarudishwa nyumbani kupumzika. Siku chache nilizoukatalia mwili wangu zilinigharimu siku 21, na deni la dawa nililolilipa kwa mahindi ambayo hayajakomaa.

Kwa nini hali kama hii hutokea? Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua na kuvamia nyingine. Kila zinapopasuka kwa wingi ndipo homa na baridi vinapompanda mgonjwa. Dawa ikiua vijidudu, homa hushuka, lakini chembechembe zilizokwisha kupasuka hazirudi siku hiyo. Chembechembe nyekundu huishi kwa kawaida siku zipatazo 120, nazo hutengenezwa upya kidogo kidogo ndani ya uboho wa mifupa. Aliyepoteza nyingi huhitaji majuma kadhaa kuzirudisha, tena akiwa anakula vizuri.

Chembechembe hizo ndizo zinazobeba hewa ya oksijeni kwenda kwenye misuli, moyo na ubongo. Mtu aliyepungukiwa damu akipandisha mlima na gunia la mchele au dumu la mawese, moyo wake hulazimika kupiga mbio ili damu kidogo iliyobaki ifanye kazi ya damu nyingi. Ndiyo maana hupumua kwa shida, husikia kizunguzungu na miguu hulegea. Mtu huyo si mvivu. Amepungukiwa damu, na maneno makali hayaongezi damu.

Homa yenyewe pia ina gharama. Kila joto la mwili linapopanda kwa nyuzi 1, matumizi ya nguvu mwilini huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi. Mgonjwa aliyeshinda siku 3 na homa kali, akiwa hana hamu ya kula, ametumia akiba yake kama mfanyabiashara anayekula mtaji. Akiamka siku ya nne na kwenda mzigoni, anafanya biashara kwa mtaji ambao hana.

Hapo ndipo usingizi unapoingia. Tunapougua tunajisikia kusinzia, nasi hudhani ni udhaifu tu. Kumbe kinga ya mwili, inapopambana na vijidudu, hutoa kemikali zinazouambia ubongo ulale, ili nguvu za kutembea na kufanya kazi zielekezwe kwenye mapambano. Katika usingizi mzito mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima husaidia kutengeneza upya sehemu zilizochakaa. Moyo hupiga polepole na misuli hulegea.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio kuhusu vijana wenye afya njema waliopewa chanjo ya mafua makali. Baadhi yao waliruhusiwa kulala muda wa saa 4 tu kila usiku kwa siku kadhaa. Siku 10 baada ya chanjo, hao walionyimwa usingizi walikuwa na kingamwili chini ya nusu ya walizokuwa nazo wenzao waliolala kama kawaida. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo mengine kutoka Marekani, ambako watu wazima 164 walitiwa puani virusi vya mafua ya kawaida. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 kwa usiku walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliokuwa wakilala zaidi ya saa 7.

Majaribio hayo hayakuhusu malaria, wala hayakufanywa kwa watu wanaoamka saa 9 za usiku kuwahi foleni mpakani. Lakini yanatuonyesha kwamba kinga ya mwili hufanya kazi vibaya kwa mtu asiyelala. Kama hivyo ndivyo kwa kijana mwenye afya, basi aliyetoka kitandani jana ana haja ya usingizi zaidi. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa kulala si chini ya saa 7 kwa usiku. Anayeuguza mwili aongeze juu ya hapo, na akisikia usingizi mchana asijilaumu.

Tatizo letu ni kwamba tumejifunza kuudanganya mwili. Kichwa kikiuma tunameza kidonge cha maumivu, maumivu yanapungua, tunadhani tumepona. Uchovu ukizidi tunakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka la mpakani, au kahawa kali. Vinywaji hivyo haviongezi damu hata tone moja. Huficha uchovu kwa muda, kisha usiku usingizi unakataa kuja. Wengine hutafuta usingizi kwenye urwarwa au bia. Ni kweli pombe humlaza mtu haraka, lakini usingizi wake hukatikakatika, na alfajiri mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Wapo pia wanaonunua vidonge vya usingizi kienyeji, bila mganga. Hao wanacheza na hatari, maana baadhi ya vidonge hivyo humfanya mtu ashindwe kulala bila kuvimeza.

Hata hivyo, pumziko lisichukuliwe kuwa badala ya dawa. Zamani, kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana, wagonjwa walilazwa miezi na hata miaka katika hospitali maalumu, tiba kubwa ikiwa pumziko, hewa safi na chakula. Wengi walikufa hata hivyo. Utafiti uliofanyika Madras, India, kuanzia mwaka 1956 ulionyesha kwamba mgonjwa aliyemeza dawa ipasavyo akiwa nyumbani kwake alipona sawa na aliyelazwa hospitalini akipata pumziko na lishe bora. Dawa ndiyo inayoua vijidudu. Pumziko huusaidia mwili kujijenga baada ya vita. Kwa hiyo mwenye kifua kikuu asiache dawa kwa kuwa amelala vizuri na kunenepa baada ya mwezi. Dozi ya kawaida ni miezi 6, na kuiacha njiani ndiko kunakozaa vijidudu sugu.

Hali kadhalika kwa malaria. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo Tanzania huiita ALu, humezwa mara 6 ndani ya siku 3, na dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Ikiwa saa hiyo mgonjwa amelala fofofo, mwamsheni ameze, kisha arudi kulala. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu bila mafuta dawa hiyo haifyonzwi vizuri mwilini. Na alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama ameshaugua. Mbu wa malaria huuma usiku, na anayemuuma mgonjwa leo ndiye atakayempelekea mtoto wa chumba cha pili.

Pumziko si kulala kama gogo pia. Anayelala siku nyingi bila kujigeuza wala kusimama, misuli yake hunywea, na damu inaweza kuganda miguuni. Ndiyo maana siku hizi aliyefanyiwa upasuaji huambiwa asimame na kutembea mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Aliyetoka kwenye malaria anaweza kukaa nje kivulini, kutembea hadi kwa jirani, kumenya ndizi, kuchambua maharage. Kesho aongeze kidogo, keshokutwa kidogo tena. Akiona leo amechoka kuliko jana, apunguze. Waliougua Covid-19 na kubaki na uchovu wa miezi mingi wamejifunza somo hili kwa taabu, maana kila walipojilazimisha walirudishwa nyuma.

Lipo jambo moja ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Si kila usingizi ni wa kupona. Mtoto mwenye homa anayelala, ukamwamsha akafumbua macho, akakutambua, akanywa uji, mwache alale. Lakini mtoto asiyeamka unapomwita na kumtikisa, au aliyelegea mno, aliyepata degedege, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunywa wala kunyonya, huyo yumo hatarini na inawezekana malaria imempanda kichwani. Usiseme apumzike kwanza. Mbebe saa hiyohiyo umpeleke kituo cha afya. Vilevile aliyelazwa kwa malaria kali na kuchomwa sindano za artesunate arudi kupimwa damu katika majuma yanayofuata, kwa kuwa wapo ambao damu hushuka tena kati ya wiki ya kwanza na ya nne, wakati wao wanadhani yamekwisha.

Najua jibu nitakalopewa. "Mwalimu, hayo ni maneno ya wenye mshahara. Nikilala mimi, nani atalisha watoto?" Swali hilo ni la haki, na anayelipuuza hajui mpaka. Mama anayenunua dagaa na mawese upande wa Kigoma na kuuza Mabanda hana akiba ya wiki mbili. Mtaji wake mara nyingi ni wa mkopo, na marejesho ya kikundi hayajui homa.

Nchini Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mgonjwa likizo ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wakiwadekeza watu. Walitambua kwamba mgonjwa asiyepumzika hana faida kwake mwenyewe wala kwa tajiri wake. Lakini sheria ya ajira haimgusi mwenye baiskeli, mchuuzi wa soko la Mnanila, wala mkulima wa Nyanza-Lac. Likizo yao haipo mpaka waitengeneze wenyewe.

Nashauri tuitengeneze. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo tele pande zote mbili za mpaka, na vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na harusi. Tunachanga haraka mtu akifa. Tungechanga nusu ya hiyo alipokuwa mgonjwa, pengine msiba usingekuwapo. Kila kikundi kingeweza kukubaliana mambo matatu. Kwanza, mwanachama aliyeugua, akileta karatasi ya kituo cha afya, marejesho yake yasogezwe mbele bila faini. Pili, mwenzake mmoja auze mzigo wake pamoja na wa kwake kwa muda huo, faida wagawane kwa makubaliano. Tatu, mfuko utoe kiasi cha kununulia maharage, dagaa na mafuta kwa wiki moja baada ya dawa kwisha, au zaidi kwa aliyelazwa na aliyepungukiwa damu, kwa kadiri mganga atakavyosema.

Hakuna jipya hapo. Wazee wetu walikuwa na ikibiri, wakilimiana mashamba kwa zamu, na shamba la mgonjwa halikuachwa kuwa pori. Kule Katumba, watu waliotoka milima mbalimbali na wasiojuana walichotea maji nyumba ya mgonjwa bila kuombwa. Nakumbuka enzi za klorokwini, dawa iliyowawasha wengi wetu mwili mzima hata usingizi ukakosekana. Mama mmoja wa jirani, asiye ndugu yetu, alikuja akatufukuza sisi watoto uani ili marehemu bibi yangu alale mchana. Tulirudi nyumbani na mabati, vyeti na baiskeli. Haifai desturi hiyo tuiache kambini.

Nawasemea pia akina mama ndani ya nyumba. Baba akiugua, nyumba nzima hunyamaza. Mama akiugua, huamka kuwasha moto, huteka maji, kisha hujinyoosha dakika chache na kuitwa tena. Mwanamume anayempeleka mkewe kituo cha afya, akamlipia dawa, kisha siku ya pili akamuuliza chakula kiko wapi, amefanya nusu ya kazi. Kupika ugali siku 5 hakuvunji heshima ya mtu yeyote. Na aliyejifungua asiharakishwe shambani. Amepoteza damu, usiku ananyonyesha, na usingizi wake umekatwa vipande. Wazee walioweka arobaini walijua walichokuwa wakikifanya.

Kwa walimu wenzangu, mtoto aliyetoka kuugua akisinzia darasani tusimchape wala kumsimamisha. Mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 hata akiwa mzima. Akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa, mzazi akamtuma maji saa 11 alfajiri kabla ya shule, hatajifunza chochote siku hiyo. Tumwache ainamishe kichwa, kisha tuzungumze na mzazi.

Mwisho nawageukia wenzangu tuliorejea. Wengi wetu hatulali vizuri hata tukiwa wazima. Kuna wanaoshtuka usiku wakisikia mlango, kuna wanaoota yaliyopita, kuna wanaokesha wakiwaza kesi ya shamba. Ugonjwa ukija juu ya usingizi wa namna hiyo, huchelewa kuondoka. Si aibu kumwambia mganga, "Dawa nimemaliza, lakini silali." Lisemeni, kwa sababu nalo ni jambo la kutibiwa. Tuliishi miaka mingi tukiwa tayari kukimbia saa yoyote, na mwili uliozoea hivyo haujui kwamba umefika. Hatuna budi kuufundisha taratibu kwa kulala saa ileile kila usiku, kuzima redio, kuacha hesabu za deni mpaka asubuhi, na kuzungumza na mtu tunayemwamini.

Kiswahili kina neno la kumwambia mgonjwa, nalo ni "ugua pole". Tunalitamka mlangoni kama salamu, kisha kesho yake tunamuuliza mgonjwa yuleyule mbona hajaonekana sokoni. Kuugua pole ni kuugua taratibu, bila kusukumwa. Safari hii ukimwambia jirani yako maneno hayo, chukua na ndoo yake ya maji ukamtekee, na mzigo wake wa Jumamosi ukamuuzie.